Masika Yalipofungua Sanduku la Vitabu

Mvua ilianza saa nane usiku na paa letu lilikuwa wazi. Jioni ile fundi alikuwa amevua mabati 6 ya upande wa kusini ili abadilishe kenchi iliyooza, akatandika turubai, akaligandamiza kwa matofali manne, akatuambia mawingu yale ni ya kupita. Hatukuwa na sababu ya kumbishia. Anga ya Ngamiani ilikuwa imetulia, na jirani alikuwa bado na nguo kambani. Lakini masika ya Tanga hayapigi hodi. Upepo uliingia chini ya turubai ukalipeperusha, tofali moja likaanguka uani kwa kishindo, na maji yakashuka chumba cha nyuma, pale pale lilipokaa sanduku la vitabu la marehemu baba yangu.

Wa kwanza kuamka alikuwa mama mkwe, ambaye tangu afiwe na mumewe hulala usingizi wa mang'amung'amu. "Mama Zuhura! Amkeni! Vitabu vya mzee vinaoga!"

Mume wangu alikimbilia gunia la mchele, mimi nikakimbilia sanduku. Zuhura akaleta ndoo, na Idi, mwenye miaka 12, akapanda juu ya meza akaikamata ncha ya turubai kwa mikono miwili mpaka mabega yakamtetemeka. Kifuniko cha sanduku kilikuwa na ufa. Nilikuwa nikiuona kila Ijumaa nikifuta vumbi, na maji nayo yaliuona. Tulipofungua, vitabu vya juu vilikuwa vimevimba kama mkate uliotoswa kwenye chai. Nikashika kimoja nikitoe. Jalada likabaki mkononi, kitabu kikabaki ndani.

Nililia, tena kwa sauti. Baba alifundisha Kiswahili miaka 31, na kila mwisho wa mwezi alinunua kitabu kabla hajanunua sukari, mama akigomba na yeye akicheka. Alipofariki nililichukua sanduku kutoka Muheza, vitabu 43, nikaliweka chumba cha nyuma na kulifunika kitambaa cha kufuma. Kwa miaka mingi nilivitunza vitabu vile kama vyombo vya kabatini vinavyongoja mgeni ambaye haji: vinafutwa, vinahesabiwa, havipakuliwi chakula. Nilidhani huko ndiko kumheshimu baba.

Kulipokucha tulimwita mzee wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi masjala miaka mingi na anayejua tabia za karatasi. Akaja na kanzu yake ya kushindia, akavitazama vile vitabu kimya kimya kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Msivianike juani," akasema. "Jua litavikunja kama ngozi ya ng'ombe. Karatasi inataka upepo."

Basi tukafanya kama alivyotuelekeza. Tulitoa barazani vitanda viwili vya kamba, vile vya teremka tukaze, ili upepo upite na chini. Vitabu vizima vikasimamishwa wima, kurasa zimetanuliwa mfano wa kipepeo, na katikati kukapachikwa vipande vya gazeti vya kunyonya maji. Kurasa zilizochomoka Idi alizibana kambani kwa vibanio vya nguo, kwa mfuatano wa namba zake. Kazi kubwa ilikuwa kufunua. Karatasi iliyolowa ikikaukia juu ya mwenziwe haziachani tena, hivyo kila baada ya nusu saa ilibidi mtu apite na kutenganisha ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Na ni nani atakayefunua kurasa 200 bila jicho lake kudokoa? Kufikia adhuhuri ya siku ya pili hakuna aliyekuwa akikausha tu. Kila mtu alikuwa na kitabu chake, na kila aliyepita alifukuzwa asizuie mwanga.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, maandishi hayaoni. Lakini alikaa kwenye mkeka wake akiuliza jina la kila kitabu kinachotolewa. Nilipomtajia Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, aliweka kikombe chini.

"Hicho," akasema. "Hicho sijakimaliza."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia habari hii, na nimeishi naye zaidi ya miaka 20. Mama mkwe alizaliwa Unguja, Ng'ambo. Kitabu kile kilitoka mwaka 1960, baada ya kushinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya Afrika Mashariki, na kaka yake mkubwa akakipata miaka michache baadaye. Kila usiku alikisoma kwa sauti mbele ya kandili, nyumba nzima imemzunguka. Hawajafika mwisho, posa ikaja kutoka Tanga, ikakubaliwa. "Nilipanda chombo sijui nani kamuua Bwana Ali," alituambia. "Nilimuuliza kaka pale forodhani, akanicheka. Akasema nitakwambia ukija kututembelea." Alipokwenda kuwatembelea alikuwa na mtoto mgongoni, kitabu kimeazimwa hakijarudi, na mambo mengine yalikuwa mengi. Kaka yake naye akafariki. Miaka ikawa karibu 60.

Tangu siku ile Idi akawa msomaji wake. Kila baada ya alasiri aliketi ukingoni mwa mkeka akasoma kurasa kumi, na mimi jikoni nikawa napunguza moto ili nisikie. Mwili wa tajiri unakutwa mahali pa mizimu, watu wanasema wazee wa kale wamekasirika, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anataka kujua mkono wa mtu gani umepita pale. Rafiki yake Najum yuko pembeni akiuliza yale ambayo msomaji anatamani kuyauliza. Kasoro yake naiona: Bwana Msa huficha mengi mfukoni, na msomaji hapewi nafasi ya kushindana naye sawasawa. Lakini sikio la mwandishi yule! Watu wake wanazungumza Kiunguja kilichoiva, wanakatizana, wanaapa, wanazunguka hoja kama wanaoizunguka sinia ya biriani. Mama mkwe alikuwa akimalizia sentensi kabla Idi hajazifikia. Siku ya nne akamwambia Idi amwandikie jina la mtu anayemshuku kwenye kikaratasi. Alikikunja, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake, mahali anapofunga pesa za sadaka.

Siku ya tano Idi alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mama, mwisho haupo."

Nilikwenda kukitazama. Kitabu kile kilikuwa kimelala kifudifudi chini ya ufa wenyewe. Karatasi sita za mwisho zilikuwa zimegeuka uji. Nilijaribu kuziinua kwa ncha ya kisu cha mezani, nikapata kipande cha ukubwa wa kucha chenye neno "akasema". Nani kasema, na kasema nini, hakuna. Tulimficha mama mkwe siku mbili, Idi akisoma kidogo kidogo na kurudia kurasa. Mtu mzima hafichwi. Alinyosha mkono, akakipapasa kitabu kwa nyuma, akayagusa yale madonge. Hakusema neno. Akageukia ukuta, na jioni ile hakula.

Wakati huo huo chumbani kwa Zuhura kulikuwa na jambo jingine. Zuhura ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Wiki moja kabla ya mvua baba yake aliona kwenye simu yake ujumbe wa mvulana wa shule ya jirani. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa salamu na kusifiwa mwandiko, hauna zaidi ya hapo. Lakini mume wangu alikuwa ametoka kazini na uchovu wake, akaichukua simu, akasema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia binti yake. Tangu hapo nyumbani kwetu ilikuwa shikamoo asubuhi, marahaba, basi.

Zuhura alipangiwa kukausha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Wanaoijua watakumbuka Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anavyompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na jinsi kipigo kile kinavyomfuata msichana mpaka shuleni, mpaka chuoni, mpaka asiweze tena kumtazama mwanamume bila woga au bila kulipiza. Niliamka usiku kunywa maji nikaona mwanga wa tochi chini ya mlango wake. Sikugonga.

Kesho yake mume wangu alirudi akakuta mahali pake mezani pana kitabu kimefunuliwa, ukurasa umebanwa kwa kibanio cha nguo cha bluu. Zuhura hayupo. Akaniuliza ni nini, nikamwambia sijui, soma. Akasoma amesimama. Halafu akavuta kiti. Chakula kikapoa, nikakifunika. Saa nne usiku alikuwa bado pale, amekwenda mbele zaidi ya ukurasa aliowekewa.

"Huyu Kezilahabi," akaniuliza, "alikuwa na watoto wangapi alipoandika haya?"

Nikamwambia kitabu kilitoka mwaka 1971, na mwandishi alikuwa hajatimiza hata miaka 30. Akatikisa kichwa. Asubuhi simu ilikuwa mezani, imechajiwa. Jioni walikaa wawili uani, na mimi nilijifungia jikoni kwa makusudi. Nilichosikia ni sauti tu, za chini, na mara moja sauti ya Zuhura ikicheka.

Mimi mwenyewe nina ugomvi na riwaya ile, na nitausema. Inamlipisha Rosa kwa roho yake deni ambalo si lake. Nilipoimaliza niliona mwandishi angemwachia mlango japo mmoja. Na yule mama, Regina, anayeyaona yote na kunyamaza ili nyumba isimame, ndiye aliyenikosesha usingizi kuliko Zakaria, kwa sababu usiku ule wa simu nami nilinyamaza. Wakati fulani kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni. Ninaelewa walichokiogopa wakubwa wale. Lakini nimekiona kikifanya kazi nyumbani mwangu ambayo mawaidha yangu yote yalishindwa, na kwa kauli yangu kila baba mwenye binti wa kidato akisome kabla binti hajakisoma.

Baada ya hapo mume wangu alihitaji kupumua, akachukua Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, akakimaliza kwa siku mbili. Ni kitabu cha mbio: jasusi Willy Gamba, bastola, magari, wanawake warembo, na nyuma ya yote vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Yeye na yule mzee wa masjala walikaa barazani wakikumbushana enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na kila mgeni wa hotelini alidhaniwa jasusi. Kwangu wanawake wa kitabu kile ni mapambo. Nilimwambia hivyo, akakubali, akaendelea kusoma.

Idi, kwa kuwa kurasa kumi za bibi zilikuwa zimekatika, alitafuta chake. Akaangukia Walenisi ya Katama Mkangi, Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980 na aliyejua vizuri serikali inavyoweza kumtupa mtu. Ndani yake Dzombo, mtu aliyehukumiwa, anarushwa angani afe, naye anafika dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Mengi yalikuwa makubwa kuliko umri wa Idi, hasa ile mihadhara mirefu ya siasa, ambayo hata mimi niliiona inakisimamisha kitabu njiani. Chombo cha angani kilimtosha. Siku moja akaniuliza Walenisi iko upande gani wa dunia. Nikamwambia litamke jina polepole, likate vipande. "Wale… ni… sisi." Akanyamaza. Kisha akakimbia kwenda kumwambia dada yake, akapiga kelele njia nzima.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi iliondoka nyumbani kabla haijakauka. Wifi yangu alikuja kutupa pole, akaifungua mahali Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anapoanza kufikiri kwamba mlango una pande mbili, akaondoka nayo kwenye mfuko wa nailoni. Ilirudi baada ya siku nne na doa la mchuzi. Denge na harakati zake za kupigania uhuru wa Zanzibar wifi hakumjali sana. Aliyemshika ni Mwajuma, yule rafiki wa Ng'ambo anayempokea Yasmin chumbani kwake bila kumhesabia siku. "Miaka yote hii," akaniambia, "ningekuwa na Mwajuma mmoja." Wifi yangu aliachika mwaka juzi, akaondoka kwa mumewe akiwa na sanduku moja. Tangu siku ile naenda kwake kila Jumapili.

Siku Njema niliisoma mwenyewe usiku wa kukatika umeme, kwa taa ya kuchaji, siku moja tu. Ken Walibora alikuwa Mkenya, lakini kijana wake, Kongowea Mswahili, anaanzia hapa hapa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anaondoka kumtafuta baba asiyemjua nchi ya pili. Mambo mengi yanamkuta kwa bahati, na msomaji mgumu ataguna. Sikuguna. Kiswahili chake kinatembea kwa madaha, na kila mji anaoupita unaupata kwa pua na masikio. Walibora alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Nilipofunga kitabu niliona uchungu kwamba baba yangu, aliyepigia mstari nusu ya misemo yake kwa kalamu nyekundu, hakupata kukaa naye hata saa moja. Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba kuliko vyote sandukuni, nilikipiga pasi ya uvuguvugu ukurasa kwa ukurasa, nikakisoma mara mbili na bado kimefungwa kwangu. Nimekiweka karibu na kitanda.

Kilichobaki ni kile kinene. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza, kilikuwa chini kabisa ya sanduku, na unene wake ulikiokoa. Maji yaliingia kingo tu. Kitereza naye alikuwa wa Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, na miaka mingi baadaye akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka mwaka 1980. Akafariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia mkononi. Nikikishika namfikiria mzee yule akingoja miaka 35.

Mama mkwe alikuwa amekaa siku nzima bila kuuliza kitabu chochote. Nikaenda kuketi kwenye mkeka wake nikaanza kumsomea, bila kumwomba ruhusa. Ni habari ya mume na mke wanaopendana na hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke, wanamwita tasa, mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba baridi. Badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anafunga safari kwenda kuwaangukia wakwe, nao wanamtoza pombe ya ndizi ndipo wamrudishie mkewe. Kitereza hana haraka. Anakuonyesha jinsi pombe inavyopikwa, jinsi mgeni anavyokaribishwa, nani anaketi wapi, salamu inajibiwaje. Wapo watakaochoka. Mimi nilihisi nimekaa kwenye ua wa watu.

Nilikuwa nimefika mahali pa matusi ya mawifi na ndugu nilipogundua nimeanza kusoma polepole. Zuhura nilimpata baada ya miaka sita ya ndoa. Miaka ile sita, katika nyumba hii hii, yalisemwa maneno. Mengine aliyasema mama mkwe mwenyewe, uani, akijua nasikia. Hatukuyagusa tena mtoto alipozaliwa. Yalifunikwa kama lile sanduku. Sasa nilikuwa nikiyasoma kwa sauti yangu, kutoka kitabuni, naye amekaa umbali wa mkono. Koo likanikauka. Nikafikiria kuruka ukurasa. Sikuruka.

Nilipofika wazazi wa Bugonoka wanaondoka na binti yao, mama mkwe aliinua kiganja nisimame. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikigonga bati jipya. Alikaa hivyo kitambo.

"Walifanya vizuri kumchukua mtoto wao," akasema. "Mama yako angekuja kukuchukua, nisingekuwa na la kusema."

Mama yangu hakuja, kwa sababu sikumwambia kamwe. Mama mkwe sikumwambia hata hilo. Alinyosha mkono akautafuta wangu, akaupata pale juu ya kitabu, vidole vyake vina baridi. Halafu akasema, "Endelea. Nataka nione huyo mwanamume anamrudishaje." Tumesoma kurasa 140 mpaka leo. Hatuna mpango wa kuharakisha.

Mwisho wa Mzimu wa Watu wa Kale niliutafuta kwa kila mtu ninayemjua Tanga. Wengi walikisoma shuleni. Kila mmoja alikuwa na jina lake la muuaji, na hakuna aliyekuwa na kitabu. Mwishowe mume wangu alimpigia mtoto wa yule kaka wa mama mkwe, huko Unguja. Kijana akasikia habari ya shangazi yake aliyepanda chombo kabla ya mwisho, akasema, "Nipeni siku tatu." Siku ya tatu simu ililia mfululizo. Alipata nakala kwa mwalimu mwenzake, akapiga picha kurasa zote za mwisho moja moja, kidole gumba chake kinaonekana pembeni ya kila picha.

Ilikuwa siku ya 19 tangu ile mvua. Fundi alikuwa juu ya paa akimalizia kupigilia kofia. Yeye alikuwa amerudi asubuhi ile ile baada ya mafuriko, amelowa, kuomba radhi, na hakutaka malipo ya siku mbili. Sisi tulikwisha kumsamehe. Mama mkwe bado. Kila asubuhi fundi alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akamwitikia kwa kutikisa kichwa tu, na hilo kwa kijana aliyelelewa vizuri ni adhabu nzito.

Tulikusanyika barazani: mume wangu, Zuhura, wifi, mzee wa masjala na kofia yake ya viua. Idi akaongeza mwanga wa simu, akaanza. Sauti yake inaanza kukatika siku hizi, mara ya kiume mara ya kitoto, lakini alisoma vizuri, akimpa Bwana Msa uzito wake. Nyundo ilikuwa ikigonga juu yetu. Kufika picha ya tatu nikasikia nyundo inagonga mara moja moja. Picha ya nne ikanyamaza kabisa. Nikainua macho: fundi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa paa, misumari mitatu midomoni, sikio amelielekeza chini.

Mama mkwe haoni vizuri, lakini nyundo iliyonyamaza aliisikia. Akaweka mkono juu ya goti la Idi.

"Fundi."

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Shuka uje ukae. Utaanguka na hujajua nani kaua."

Akashuka ngazi, akatema misumari kiganjani, akaketi kwenye sakafu karibu na mlango. Zuhura akamsogezea kikombe cha chai. Idi akasoma mpaka picha ya mwisho, mpaka mstari wa mwisho juu ya kile kidole gumba, akazima simu. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe aliivuta ncha ya kanga yake mapajani, akalifungua lile fundo polepole kwa kucha, akampa Idi kikaratasi.

"Haya, soma na hiki," akasema. "Kwa sauti."